Kiwango cha Upole

Atupele aliingia chumba cha uchunguzi akicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomshtua Dokta Subilaga. Mtu mwenye shavu kama lile hakutarajiwa kuwa na la kumchekesha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Funga mlango, ukungu unaingia."

Binti alifunga mlango, akavua skafu aliyokuwa ameizungusha mpaka kidevuni, akakaa mbele ya kioo cha ngozi bila kuambiwa. Alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu kama baba yake, na sauti ya kwaya ambayo Tukuyu nzima iliijua. Kioo kilimulika upande wa kushoto wa uso wake, kikaanza kuonyesha ngozi tabaka kwa tabaka. Juu kabisa kulikuwa na vipele vyekundu na vingine vyenye vichwa vya usaha. Chini yake, mahali ambapo jicho la kawaida halifiki, kulikuwa na vinundu vinene kama punje za maharage, vimepangana kufuata taya, na viwili kati ya hivyo vilikuwa vimeanza kuungana.

Subilaga aliinama karibu na kioo. Safari iliyopita hivyo vinundu havikuwa vimeshuka kiasi hicho.

"Kibandiko unakivaa?"

"Nilikivaa mwanzoni. Kinawasha, shangazi. Halafu nikaona cha nini? Si ulisema ni za kawaida?"

"Nani alisema?"

"Wewe. Yaani, mkalimani alisema wewe umesema." Atupele aligusa nyuma ya sikio, palipokaa kidude kidogo cha rangi ya ngozi yake, kisha akaigiza sauti yake laini. "'Hizi ni chunusi za kawaida kwa umri wako. Huja na kupita. Kibandiko kinaweza kukusaidia.' Nikamwambia asante."

Subilaga aliinua macho kutoka kwenye kioo. Alikuwa anakumbuka alichosema siku ile, kwa sababu alikisema polepole na kwa uangalifu, akiielekea meza inayomsikiliza: akne vulgaris, daraja la nne, yenye nodi na sisti, hatari kubwa ya makovu ya kudumu, kibandiko hai kila usiku bila kuruka hata mmoja. Neno vulgaris ni Kilatini, na maana yake ni kitu cha kawaida, kinachowapata wengi. Mkalimani alikuwa ameliokota hilo akayaacha mengine yote. Hakudanganya. Alichagua.

Ndivyo wakalimani walivyotengenezwa. Zamani wagonjwa walikuwa wakitoka hospitali bila kuelewa walichoambiwa, wengine wakashtaki, wengine wakaanguka na presha pale pale kitini. Ikatungwa sheria. Daktari azungumze lugha yake ya kitabibu, kamili, bila kupunguza neno. Mkalimani, huku akisikiliza mapigo ya damu nyuma ya sikio, amwambie mgonjwa yaleyale kwa maneno anayoweza kuyabeba. Mtu mzima hujipangia mwenyewe kiwango cha upole, kuanzia sifuri, maneno ya daktari yalivyo, mpaka kumi. Mtoto hupangiwa na mzazi. Na kinachosemwa sikioni ni siri ya mgonjwa, daktari hana ruhusa kukisikia wala kukiuliza. Subilaga alikuwa amefanya kazi namna hiyo tangu alipomaliza chuo. Hajawahi kumweleza mgonjwa yeyote ugonjwa wake kwa mdomo wake mwenyewe.

"Shangazi, kuna tatizo?"

Meza ilikuwa inasikiliza. Kumweleza mtoto ugonjwa bila mkalimani, bila idhini ya mzazi, ni kunyang'anywa leseni. Na kama angesema kitaalamu, maneno yangeingia sikioni mwa binti yakiwa yamechujwa tena.

"Njoo nikufunge skafu vizuri," alisema. "Nje kuna baridi. Mwambie baba yako ninakuja leo."

*

Ambakisye, mdogo wake Subilaga na baba yake Atupele, alikuwa fundi wa roboti za kuchumia chai. Subilaga alimkuta karakanani amelala chali chini ya moja, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Karibu, dada. Nipe hiyo bisibisi iliyo hapo juu."

Subilaga alimpa. Akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa juu yake.

"Amba, mkalimani wa mtoto umemweka kiwango gani?"

Chini ya roboti bisibisi ilisimama, kisha ikaanza kuzunguka tena. "Kumi."

"Kumi!"

"Ndiyo. Tangu alipovaa wa kwanza."

"Unajua anaambiwa nini huko ndani? Anaambiwa hana kitu. Ameacha dawa. Ule uso utabaki na mashimo, Amba, na tiba ya leo haitafaa ikichelewa."

Ambakisye alitoka chini ya roboti, uso umejaa vumbi la majani ya chai. Aliifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mke wangu alijiwekea sifuri," alianza, akikunja uso. "Tumpe. Alisema yeye si mtoto, anataka ukweli kama ulivyo. Akaingia pale peke yake, mimi nipo nje nimembeba huyu mtoto. Alipotoka hakuwa Tumpe niliyemwona akiingia. Hata chakula hakula tena kwa raha. Ugonjwa ulikuja kummalizia tu, dada. Maneno ndiyo yaliyomuua."

"Najua ulivyoumia."

"Basi kama unajua, niache. Chunusi haijaua mtu. Afadhali awe na mashimo usoni kuliko niione ile sura tena, safari hii kwa mwanangu."

Subilaga alitaka kumwambia kwamba mashimo ya usoni nayo yana namna yake ya kuingia moyoni, kwamba amewahi kuwaona watu wazima wakizungumza naye wamejiziba shavu kwa kiganja. Lakini mdogo wake alikuwa amemgeuzia mgongo na mabega yake yalikuwa yamepanda juu, vilevile kama alipokuwa mtoto akizuia kulia. Alisimama, akampapasa kichwani, akaondoka bila kupata alichokifuata.

*

Jumamosi Subilaga alikuwa jikoni kwake akimenya ndizi za kupika, vidole vimenata utomvu, Atupele alipoingia bila hodi. Safari hii hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika leso tayani, na leso ilikuwa na damu.

"Kimepasuka," alisema. "Katikati ya mazoezi ya kwaya. Nilikuwa naimba, nikahisi kitu cha moto kinashuka shingoni. Wasichana wakarudi nyuma, shangazi. Wote."

Subilaga aliosha mikono, akamkalisha, akamsafisha kwa maji ya chumvi na pamba, taratibu, bila kubana. Kidonda kilikuwa kirefu. Kwa karibu alinusa limau.

"Umepaka nini?"

"Limau. Na dawa ya meno. Na zile sabuni kali za kipande." Alikwepa macho ya shangazi yake. "Wanasema sinawi. Wengine wanasema nawaza wanaume, ndiyo maana zinatoka. Shangazi, mkalimani ananiambia ni za kawaida, lakini sijamwona mwenzangu yeyote mwenye za kawaida kama zangu. Mimi nina nini?"

Subilaga aliikunja pamba na kuikunjua.

"Kuna mambo siruhusiwi kukuambia bila yeye."

Atupele alipeleka mkono nyuma ya sikio, akakibandua kile kidude, akakiweka mezani kati ya maganda ya ndizi. Mahali kilipokuwa palibaki duara la ngozi iliyofifia.

"Sasa hayupo. Niambie wewe."

Angeweza kumrudishia. Angeweza kusema tumsubiri baba yako. Subilaga alimtazama mtoto wa mdogo wake, yule aliyembeba mgongoni siku ya mazishi ya mama yake, akajua kwamba leseni itakwenda inakokwenda. Akavuta kiti karibu.

"Una akne vulgaris ya daraja la nne," alisema. "Vidonda vya uvimbe vya aina zote, komedo, papuli, pustuli. Kwenye taya una nodi na sisti zinazoungana, na usipotibiwa kutakuwa na atrofia ya..."

Binti alikuwa amekauka, macho yamemtoka.

"Vidonda uso mzima?" alinong'ona Atupele. "Daraja la nne, kama saratani? Shangazi, nitakufa?"

"Hapana! Hapana, mwanangu, hufi." Subilaga alimshika mikono yote miwili. Maneno aliyoyatamka yalikuwa sahihi, kila moja, na kila moja lilikuwa limemwangukia mtoto kama jiwe. Madaktari huita kidonda kila alama iliyo kwenye ngozi, hata kile kidoti cheusi puani ambacho hakimuumi mtu. Ni desturi yao tu. Nani angejua hivyo akiwa amekaa upande wa pili wa meza? Alitafuta maneno mengine akagundua hana. Miaka yote hiyo mkalimani ndiye aliyekuwa akiyatafuta.

"Nisubiri kidogo," alisema. "Nitaanza upya. Nikikosea uniambie."

"Sawa."

"Kila unywele mwilini una kitundu chake. Hata usoni, vile vinywele laini. Pembeni ya kitundu kuna tezi ndogo inayotoa mafuta, ili ngozi isikauke. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Mtu akibalehe, mwili unaziamuru tezi zitoe mafuta mengi. Si wewe unayeziamuru, wala unachokiwaza. Ni damu yako tu inakua. Sasa mafuta yakizidi, yanachanganyika na ngozi iliyokufa, kitundu kinaziba. Kikiziba mdomo ukiwa wazi, ile taka inapigwa na hewa inakuwa nyeusi."

"Kwa hiyo ule weusi si uchafu?"

"Si uchafu. Ungenawa mara mia usingetoka. Madaktari wanaita komedo, jina kubwa kwa kitu kidogo." Aliona bega la binti limeshuka kidogo, akaendelea. "Ndani ya kitundu kilichoziba kuna vijidudu. Kila mtu anavyo, hata mimi. Vikipata mafuta mengi na giza, vinazaliana. Mwili unakasirika, unatuma askari wake. Hapo ndipo wekundu unapotoka, maumivu, usaha. Kikiwa kigumu bila usaha wanasema papuli, kikiwa na usaha wanasema pustuli. Ni kipele kilekile."

"Na nodi?"

"Nodi ni pale ukuta wa kitundu unapopasukia chini, ndani kabisa, badala ya juu. Vita inamwagika pembeni. Ndiyo hivi vinundu vyako vya taya. Sisti ni kinundu chenye maji maji na usaha ndani, kama hiki kilichopasuka leo. Daraja la nne maana yake vimekuwa vingi na vimekwenda chini. Halina uhusiano na saratani. Ni chunusi, Atupele. Ila ni chunusi kali."

Binti alitazama ile leso. "Lakini alisema za kawaida."

"Jina lake lina neno la kawaida ndani, kwa maana kwamba wengi huzipata. Halisemi kwamba zako ni ndogo."

"Na hilo neno la mwisho? Ulilolikatiza?"

Subilaga aliitazama taya ya binti. Hili ndilo Ambakisye aliloliogopa, na sasa na yeye aliliogopa.

"Vita ikiisha, mwili unaziba palipoharibika. Pakiwa chini sana, unaziba haraka haraka, vibaya, ngozi inabonyea. Ni makovu. Yakishakuwepo hayafutiki yote."

"Yameanza?"

"Machache, ndiyo. Hapa tayani. Kibandiko kina vijidudu hai vinavyokula vile vya chunusi. Ukikivaa kila usiku mengine tunaweza kuyazuia. Ukikiacha katikati, hatuwezi."

Atupele alianza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtiririka yakapita juu ya vinundu, na Subilaga alimvuta akamlaza kichwa begani, akimpigapiga mgongo.

"Mbona hamkuniambia?" binti alisema kwenye kitenge cha shangazi yake. "Ningekivaa. Hata kama kinawasha, ningekivaa."

"Mimi ndiye niliyezuia."

Wote waligeuka. Ambakisye alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, koti la mvua linachuruzika. Kwa sura yake ilionekana amekuwepo pale muda.

"Amba, mimi..."

"Nimesikia, dada." Alikitazama kile kidude juu ya maganda ya ndizi. Mkono wake ulinyanyuka kana kwamba anataka kukiokota amrudishie mtoto, ukabaki hewani.

"Baba, ulijua?"

"Sikujua ni kali hivyo. Lakini nilijua kwamba sitaki uambiwe." Alikuja akachuchumaa mbele ya kiti chake, magoti yakalia. "Niliogopa utakuwa kama mama yako."

"Mimi nimelia tu, baba. Nimemaliza." Alijifuta pua. "Karibu nimalize."

Ambakisye alicheka kidogo, kicheko kikamkatikia njiani. Alimfuta binti yake machozi kwa kidole gumba kilichokuwa bado na grisi, kikamwachia mstari mweusi kwenye shavu zima, lile la kulia. Kisha akakaa chini kabisa, sakafuni, mgongo kwenye kabati.

"Dada," alisema. "Adenokasinoma ya kongosho yenye metastasisi kwenye ini."

Subilaga alimgeukia taratibu.

"Ndivyo walivyomwambia Tumpe. Tulikuwa tunayarudia njia nzima, yeye na mimi, tusiyasahau, ili tupate wa kumuuliza. Wewe ulikuwa chuo Dar. Halafu akazidiwa, na baadaye nikaona nikiuliza ni kama namfukua. Mpaka leo nayajua kwa moyo. Sijui maana yake."

"Hukuwahi kujua?"

"Nilijua kwamba ni kifo. Lakini kwa nini, sikujua. Nimekaa nikifikiri labda tulichelewa. Labda zile safari za sokoni nilizomwambia amalizie kwanza."

Subilaga alishuka kwenye kiti, akakaa sakafuni karibu naye. Atupele naye akashuka upande wa pili. Safari hii maneno hayakumkimbia sana.

"Kongosho ni kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo," alisema. "Saratani ikianzia pale haiumi, haionekani, mtu anafanya kazi zake kama kawaida. Metastasisi maana yake ilikuwa imeshasafiri. Ilikuwa imefika kwenye ini kabla Tumpe hajahisi hata kichomi kimoja. Hamkuchelewa, Amba. Hakukuwa na siku ya mapema ambayo mngeijua. Na maneno hayakumuua. Yalimkuta peke yake, hilo ndilo lililokuwa baya."

Ambakisye aliitikia kwa kichwa, tena na tena, kama mtu anayehesabu. Kisha akaweka paji la uso juu ya magoti yake, na mabega aliyoyabana miaka yote yakaachia. Binti yake alimshika mkono mmoja, dada yake mwingine. Ndizi zilizomenywa zikageuka nyeusi kwenye beseni, na hakuna aliyejali.

*

Jumatatu Subilaga alijiripoti mwenyewe. Baraza la Tiba lilimsikiliza kwa adabu, likamsimamisha kazi miezi mitatu, na likaamuru binti ahamishiwe kwa daktari mwingine. Mwenyekiti alimuuliza kama anajutia. Alisema anajutia kuanza na maneno magumu, na wakaandika hivyo hivyo.

Daktari mwingine alikuwa kijana aliyeitwa Lugano, akija kutoka Mbeya mara moja kwa mwezi. Sheria ilikuwa na kipengele ambacho karibu hakuna aliyekitumia: mzazi anaweza kuomba mtoto atibiwe bila mkalimani, kwa sharti kwamba mzazi awepo. Ambakisye alikiomba. Siku ya kwanza Lugano aliona haya hata akadondosha kalamu. Siku ya pili alikuja amejiandaa.

Atupele alikivaa kibandiko kila usiku. Kiliwasha, akalalamika kila asubuhi kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, na usiku akakivaa tena. Vinundu vilianza kulainika, kisha kushuka. Wekundu ukapungua. Alirudi kwaya kabla haujaisha wote, akasimama mstari wa mbele, na rafiki mmoja aliyekuwa amerudi nyuma siku ile alikuja kumwomba radhi akiwa ameshika sambusa mbili.

Siku ya uchunguzi wa mwisho, Subilaga aliwasindikiza mpaka korido tu, kwa kuwa ndani hakuruhusiwa. Alikaa kwenye benchi na chupa ya chai. Mlango ulikuwa mwembamba na aliwasikia.

"Uvimbe umetulia," alikuwa anasema Lugano. "Yamebaki makovu machache ya atrofia kwenye taya, na haipapigmentesheni..."

"Samahani, daktari," ilikatiza sauti ya Ambakisye. "Hilo la mwisho. Rudia."

"Haipapigmentesheni. Ni ngozi kuwa na madoa meusi kipele kilipokuwa. Hayo yanafifia yenyewe."

"Kwa muda gani?"

"Miezi kadhaa. Ajikinge na jua."

"Na makovu yenyewe? Yanafifia?"

Kalamu ilisikika ikiwekwa mezani. "Hapana, mzee. Yale ya tayani yatabaki. Tunaweza kuyapunguza kina baadaye, akitaka. Kuyafuta kabisa, hapana."

Subilaga aliishika chupa ya chai kwa nguvu. Kisha akasikia sauti ya Atupele, ya chini lakini imesimama.

"Sawa. Nimeelewa."

"Una swali?" aliuliza Lugano.

"Mimi sina."

"Mimi ninalo," alisema Ambakisye. "Hii atrofia, inaandikwaje?"

Walipotoka, Atupele alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja na macho yalikuwa yanamcheka, ingawa kope zilikuwa bado zimelowa. Alimkumbatia shangazi yake kwa nguvu, akamgeukia baba yake.

"Baba, wewe umeuliza maswali kuliko mgonjwa mwenyewe."

"Nitaachaje?" alisema Ambakisye, akijimiminia chai. "Mgonjwa ni wangu."